Uraia wa Dunia Katika Stoo ya Mahindi

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijagongwa, Mwalimu Zawena alisimama mlangoni mwa Chumba cha Tatu, akavua kiatu cha kulia, akapiga sakafu kwa kisigino mara mbili. Sakafu ilikuwa ya mbao. Zamani chumba kile kilikuwa ukumbi wa dansi wa klabu ya wakoloni, watu waliopenda kucheza na kuona nani anacheza na nani, kwa hiyo walitandika mbao chini na kuweka madirisha makubwa ubavuni. Kisigino kikigonga, mtetemo ulikimbia chini ya mbao mpaka kwenye nyayo za watoto, nao wote wakageuka. Walikuwa viziwi, na hiyo ndiyo ilikuwa namna ya kuitwa kwao.

Baada ya hapo walisalimiana kwa mikono, na watoto wa zamu wakachukua matambara kufuta vioo. Katika darasa kama lile, dirisha chafu ni sawa na mwalimu anayefundisha huku amefunika mdomo kwa leso.

Jumatatu moja Mwalimu Zawena alipiga mara mbili, sakafu ikajibu kwa kishindo kisichoisha. Watoto waligeuka huku na huku. Kabula, msichana mkubwa kuliko wote darasani, aliuliza kwa mikono, "Nani anatuita kwa fujo hivi?"

Walikuwa wanaume wanne wenye viatu vizito na utepe wa kupimia. Nyuma yao aliingia Bwana Tindwa, Afisa Ujumuishi wa Wilaya, amevaa suti ya rangi ya kijivu na tabasamu la kikazi.

"Endeleeni, endeleeni," alisema. "Jifanyeni hatupo."

"Karibuni," alisema Mwalimu Zawena kwa sauti yake ndogo, ile ambayo wazazi kwenye vikao humwomba airudie. "Sijui kama… yaani, kuna jambo?"

"Kuna jambo kubwa, Mwalimu! Hongera sana. Mmejumuishwa."

"Tumejumuishwa wapi?"

"Kila mahali. Kwa hiyo mnatakiwa kuhama."

*

Jina la nchi yetu sitalitaja hapa. Siyo kwa woga. Tunao uhuru kamili wa kulitaja, na ofisi inayotoa kibali cha kulitaja iko wazi kila siku ya kazi.

Somo la Uraia wa Dunia lilifika kwetu kwa ndege. Waziri wetu wa Elimu na Mahusiano na Sayari, Mheshimiwa Ngulumbwa, alikuwa amekwenda ng'ambo kwenye mkutano, akasikia kwamba sisi sote ni raia wa dunia. Habari hiyo ilimgusa sana, maana mpaka siku ile alikuwa akidhani yeye peke yake ndiye anayesafiri. Akaagiza somo lianze kufundishwa mara moja. Watoto wetu wakajifunza bendera za nchi zenye barafu. Wakajifunza kusema "habari za asubuhi" kwa lugha kumi na moja za mbali, na namna ya kumpa mkono mgeni kutoka kila bara bila kumwaibisha. Darasa la pili, kwa mfano, lilipakana na Chumba cha Tatu kwa ukuta mmoja. Watoto wake waliweza kumsalimia mtu wa ncha ya kaskazini ya dunia. Kumsalimia Kabula hawakuweza, kwa sababu hakuwa kwenye mtaala.

Mkutano uliofuata ndio ulioleta tabu. Mwenyekiti, mama mmoja mwembamba mwenye miwani, alimgeukia Waziri wetu na kumuuliza nchi yake imeyaingizaje katika somo hilo makundi yasiyosikika.

"Tumeyaingiza yote," alijibu Mheshimiwa bila kusita, "na tuna akiba."

"Vizuri sana," alisema yule mama. "Tutakuja kuona."

Mheshimiwa alirudi nyumbani akaunda kamati. Ili kuepuka upendeleo, hakuna hata mtu mmoja kutoka makundi yasiyosikika aliyewekwa ndani yake. Si haki mtu kuamua mambo yanayomhusu mwenyewe. Kamati ilizunguka nchi nzima katika magari yenye vioo vyeusi ikiwatafuta watu wasioonekana, kisha ikaandika kwa masikitiko kwamba haikuwaona. Wafugaji walikuwa wamehama. Wavuna asali walikuwa msituni, na msitu haukuwa na mahali pa kuegesha gari. Bibi mmoja asiyeona alipatikana kando ya njia, lakini alipoulizwa kama anajiona kuwa raia wa dunia, yeye aliuliza kisima cha kijiji kitatengenezwa lini. Kamati iliandika kwamba hakuwa tayari.

Hatimaye dereva mmoja wa kamati akakumbuka kwamba kuna watoto viziwi katika shule fulani kando ya barabara ya lami, karibu na hoteli. Kamati ilifurahi sana. Wataalamu wanasema lami na hoteli ni sifa za kwanza za kundi lililosahaulika.

Ndipo likaamuliwa kwamba shuleni hapo kijengwe Kituo cha Taifa cha Ujumuishi wa Makundi Yasiyosikika katika Elimu ya Uraia wa Dunia, kwa kifupi KITAUMAYEUDU. Maafisa walipelekwa semina ya kulitamka. Kwa kuwa muda wa kujenga haukuwapo na wageni walikuwa njiani, kikatafutwa chumba kizuri, chenye nafasi, chenye mwanga, chenye sakafu ya heshima. Chumba cha namna hiyo shuleni kilikuwa kimoja tu.

*

Watoto walihamishiwa kwenye stoo ya mahindi ya uji.

Bwana Tindwa mwenyewe aliwaonyesha. Alisukuma mlango wa bati, akasimama ndani kama mtu anayekabidhi nyumba kwa maharusi. Stoo haikuwa na dirisha. Mahindi hayapendi madirisha.

"Tumefikiria sana mahitaji yenu maalumu," alisema. "Sikiliza, Mwalimu. Unasikia?"

"Sisikii kitu," alisema Zawena.

"Ndiyo hivyo! Kimya kabisa. Hakuna kelele za barabarani, hakuna watoto wa darasa la pili kupiga mayowe. Wataalamu wetu walisema watoto hawa kelele zimewatesa."

"Bwana Tindwa, samahani, lakini wao kelele…"

"Najua, Mwalimu. Najua. Yamekwisha."

Mwalimu Zawena alifungua mdomo, kisha akaufunga. Ni mtu wa namna hiyo. Chuoni alifaulu masomo yote, isipokuwa lile la kuzungumza mbele ya watu, ambalo mkufunzi alimpa alama za huruma. Mikono yake ndiyo yenye ujasiri. Mikononi, Zawena hutania, hugomba, husimulia habari za fisi mpaka watoto wanashika mbavu. Mdomoni, husema "samahani" hata kwa mlango.

Mlango wa stoo ilibidi ufungwe mchana kutwa, kwa sababu mafundi walikuwa wakipuliza rangi nje na Wizara haikutaka rangi ya ujumuishi ipotee kwa watu wasiohusika. Chini ya mlango palibaki upenyo, na juu yake bati lilikuwa limekunjika kidogo, basi mstari mwembamba wa jua uliingia na kulala sakafuni kama kipande cha kitambaa cheupe.

Watoto waligundua haraka jinsi ya kuutumia. Mwenye neno alisogea mpaka kwenye mstari, akaiweka mikono yake ndani ya mwanga, akasema, kisha akatoka kumpisha mwingine. Mwalimu naye alifundisha humo humo, amepiga magoti. Sehemu na desimali zilipita kwenye ule mstari. Walikuwa wakipanga foleni ili kuzungumza. Wadogo walioshindwa kusubiri walishikana viganja gizani na kuambiana vitu vidogo kwa kugusana, njaa, kojo, nisogelee.

Jua lilipopanda, mstari ulipungua. Kufikia saa nne ulikuwa umekwisha, na darasa zima lilibaki limekaa kwenye magunia bila lugha mpaka kengele ya chakula.

Kabula alikuwa na mtihani wa darasa la saba mwisho wa muhula. Alikuwa amefika shuleni akiwa mkubwa tayari, bila neno hata moja, wala la mdomo wala la mikono. Nyumbani kwao walikuwa wakimwita kwa kumrushia vijiwe. Katika Chumba cha Tatu alijua kwa mara ya kwanza kwamba mama yake ana jina. Sasa alikuwa wa kwanza katika hesabu, na alitaka kwenda sekondari ya viziwi iliyoko mkoani. Mwaka ule angekwenda, au angerudi kwenye vijiwe. Hilo lilijulikana kwa wote stoo nzima.

"Nauliza," alisema Kabula asubuhi moja, mikono yake ikiwa ndani ya mstari. "Mtihani utaletwa saa ngapi? Kabla jua halijaondoka, au baada?"

Zawena aliutazama mstari, ambao ulikuwa umeanza kupungua.

"Basi twende kwa yule mtu," alisema Kabula. "Mimi nitasema. Wewe tafsiri tu."

*

Ofisi ya Bwana Tindwa ilikuwa na bango kubwa ukutani: TUNAWASIKILIZA. Chini yake palikuwa na namba ya simu ya bure ambayo viziwi wote nchini wangeweza kupiga saa yoyote kueleza matatizo yao.

"Karibu, binti!" alipaza sauti Bwana Tindwa, karibu kabisa na sikio la Kabula. "Karibu sana! Anaendeleaje, Mwalimu?"

Kabula hakuketi. Uso wake ulikunjamana na mikono yake ikaanza kukata hewa. Alisema: "Wewe ulitutoa mahali tunapoonana ukatutia mahali hatuonani. Sisi tusipoonana hatuongei. Umetufunga midomo sote kwa mlango mmoja. Mimi nina mtihani. Rudisha chumba."

Bwana Tindwa alimgeukia Zawena, kalamu mkononi. "Enhe?"

Zawena aliona suti, aliona bango, aliona faili lake mwenyewe juu ya meza, maana alikuwa bado hajathibitishwa kazini. "Anasema," alianza, "anashukuru kwa… kwa jitihada. Na anauliza, kama haitakuwa usumbufu, iwapo kuna uwezekano siku za mbele, wa taa."

"Taa!" Bwana Tindwa aliguswa. "Mtoto mwenye maono. Mwambie taa imo katika awamu ya tatu."

"Awamu ya tatu ni lini?"

"Baada ya tathmini ya awamu ya pili."

"Na awamu ya pili?"

"Mwalimu," alisema Bwana Tindwa kwa upole, "tusimvunje moyo mtoto kwa maswali."

Walipotoka nje, Kabula alimsimamisha mwalimu wake katikati ya njia.

"Umemwambia nini?"

"Nilichotafsiri ni… nilisema ulivyosema. Kwa adabu."

"Mimi nilikunja uso, yeye akatabasamu. Mimi nimemtukana, yeye amenishika bega. Mwalimu, mimi ni kiziwi, siyo mjinga. Unachukua maneno yangu, unayatia sukari, unampa mtu anywe."

"Kabula, huyu ni mkubwa. Ningesema vile, wangenihamisha. Nani angebaki nanyi?"

"Tangu nifike hapa," alisema Kabula, "nimejifunza maneno mengi. Kila ninapoyatuma kwa watu wanaosikia, yanapitia kwako. Sijui kama kuna hata moja lililofika."

Kisha akatangulia kurudi stoo, na Zawena akamfuata kwa nyuma, kwa vile mtu aliyetangulia na asiyekutazama huwezi kumwita kwa lugha ile.

*

Wiki ya wageni ikafika. Ratiba ya ufunguzi ilitoka Wizarani ikiwa na hotuba, chakula, hotuba, filamu, na Kwaya ya Viziwi.

"Kwaya?" aliuliza Zawena.

"Mheshimiwa ameipenda yeye mwenyewe," alisema Bwana Tindwa. "Wataimba Wimbo wa Raia wa Dunia. Beti zote nne."

"Samahani, Bwana Tindwa. Watoto hawa hawaimbi."

"Tumelifikiria. Darasa la pili wataimba nyuma ya pazia. Wako watapanua midomo. Hiyo ndiyo maana ya ujumuishi, Mwalimu. Kila mmoja anachangia alichonacho."

Halafu kulikuwa na neno la shukrani. Lilikuwa limeandikwa Wizarani na jopo la washairi wa serikali, nalo lingetolewa na Kabula kwa mikono wakati Zawena akilisoma kwenye kipaza sauti. Lilianza hivi: *Mimi, niliyekuwa gizani, leo nimeuona mwanga.* Zawena alipolisoma mara ya kwanza, alifikiri kuna mtu Wizarani anayejua habari za stoo. Hakuwapo. Ni ushairi tu.

Mazoezi yalifanyika uwanjani, juani, na watoto walifurahi sana, kwa kuwa walipata nafasi ya kupiga soga. Bwana Tindwa alisimamia.

"Mikono ipande zaidi, wageni wa nyuma waone. Hivyo. Kama ndege. Sasa, mbona anakunja uso?"

"Anauliza swali," alisema Zawena. "Katika lugha yao, swali linakaa usoni. Asipokunja nyusi halionekani kuwa swali."

"Basi asiulize."

Kabula alimgusa mwalimu wake begani. "Anasema nini?"

Zawena, kwa mara ya kwanza, alitafsiri neno kwa neno. "Anasema usiulize."

"Afadhali," alisema Kabula. "Huyu angalau ninamwelewa."

*

Siku ya ufunguzi Chumba cha Tatu hakikutambulika. Kuta zilipakwa bluu, rangi ya dunia ikionekana kutoka mbali. Mbao za sakafu zilifunikwa kwa zulia nene, ili hatua za wageni zisisikike. Na kwa kuwa kulikuwa na filamu ya kuonyesha, madirisha yote makubwa yaliwekewa mapazia ya mahameli mazito meusi, yaliyogharimu kuliko uji wa shule. Kwa hiyo chumba kilichochaguliwa kwa ajili ya mwanga wake kilikuwa cheusi kama stoo. Sisi wananchi tuliosimama kwenye korido tulipendezwa na usawa huo.

Wageni walikaa mbele, na yule mama mwembamba mwenye miwani katikati yao. Watoto viziwi waliketishwa nyuma kabisa. Jambo moja tu halikuwa limepangwa. Mashine ya kuonyeshea filamu ilimulika ukuta ule ule wa jukwaa, na yeyote aliyesimama pale alikatiza mwanga wake. Zawena alipopanda kutafsiri, kivuli cha mikono yake kilisimama ukutani, kikubwa kama miti. Huko nyuma watoto walianza kugusana viwiko na kunyanyuka. Baada ya wiki zote zile, walikuwa wanaona maneno kutoka mbali.

Kwaya ilipita salama. Darasa la pili waliimba vizuri nyuma ya pazia, isipokuwa kwamba midomo ya mbele ilimaliza ubeti wa tatu wakati sauti za nyuma ziko bado kwenye wa pili, na mgeni mmoja akaandika kwamba muziki wetu una miondoko ya kipekee.

Ndipo Kabula akaitwa. Zawena alishika karatasi ya Wizara. Kipaza sauti kilikuwa mbele yake.

Kabula hakuanza. Alimpungia mwalimu wake mpaka akamtazama. "Nitazame mimi," alisema. "Usiitazame karatasi." Ukutani, kivuli chake kilisema hivyo hivyo.

Kisha alisema maneno machache sana, na alipomaliza alisubiri.

Ukumbi ulimtazama Zawena. Alilowa jasho mpaka kwenye kola. "Anasema," alianza.

"Sauti!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Anasema," alirudia Zawena, na kipaza sauti kikalia kidogo, "mlitutoa kwenye mwanga mkatutia gizani."

Yakaja makofi. Wageni walipiga makofi kwa kusimama. Yule mama mwenye miwani alijifuta jicho. Mheshimiwa Ngulumbwa alinyanyuka akitikisa kichwa kwa furaha na kumnong'oneza Bwana Tindwa, kwa sauti ambayo mstari wote wa mbele uliisikia, "Mashairi mazito! Huyu mtoto ameandikiwa na nani?" Bwana Tindwa, ambaye alijua kilichoandikwa kwenye karatasi, alikuwa akitafuta kitambaa cha kujifutia jasho.

Kabula aliona makofi. Alimgeukia mwalimu wake. "Mbona wanafurahi? Umetia sukari tena?"

"Sijatia," alisema Zawena. "Safari hii sijatia chochote. Wamejitilia wenyewe."

Mheshimiwa alikuwa amekwisha fika kwenye kipaza sauti. Hotuba yake ya majibu haikuwa na karatasi, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. "Binti yangu," alisema, "umenena. Nami nakuhakikishia, kwa niaba ya Serikali, kwa niaba ya Bara, na kwa kadiri nilivyoidhinishwa, kwa niaba ya Dunia, kwamba suala hili tumelipokea, tunalifanyia kazi, na tutaendelea kulifanyia kazi katika mfumo jumuishi, shirikishi, na endelevu. Ujumuishi si tukio, ni mchakato. Na mchakato, ndugu zangu, si mchakato tu. Ni safari. Na katika safari hiyo hakuna atakayeachwa nyuma, isipokuwa kwa utaratibu…"

Aliendelea. Tuliokuwa kwenye korido tulianza kusikia kwamba kuna kitu kimebadilika, ila hatukujua ni nini, mpaka tulipotazama ukutani. Vivuli vya mikono ya Zawena havikuwa vikitembea. Alikuwa amesimama, viganja vimetulia tumboni, macho kwa Waziri, kwa heshima kabisa, kama mtu anayengoja maji yachemke.

Mheshimiwa naye aliona. Alikatiza katikati ya safari. "Mwalimu. Mbona hutafsiri?"

"Nasubiri, Mheshimiwa."

"Unasubiri nini?"

"Uanze."

Nyuma ya pazia, mtoto mmoja wa darasa la pili alicheka, akazibwa mdomo.

"Nimeongea muda wote huu!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Samahani. Lugha yao ni ya kuonekana. Ukisema chumba, naonyesha chumba. Ukisema mlango, naonyesha mlango. Nimetazama maneno yako yote, sijaona cha kuonyesha."

Yule mama mwenye miwani alisogea mbele kwenye kiti chake. Mkalimani wa wageni alikuwa akimnong'oneza haraka haraka, naye, kwa bahati mbaya ya nchi yetu, alikuwa mkalimani mzuri.

Mheshimiwa Ngulumbwa alishika kingo za meza. Sijui mambo makubwa ya uongozi, lakini nadhani alikuwa amezoea kila neno lake likitoka linachukuliwa, linaandikwa, linapigiwa makofi, na sasa maneno yalikuwa yamelala pale mbele yake bila mtu wa kuyaokota. Akapandwa na hasira, na kwa hasira hiyo akauliza swali ambalo tangu somo lile lifike kwetu kwa ndege hakuna afisa aliyewahi kuliuliza.

"Kwani huyu mtoto anataka nini hasa?"

Mikono ya Zawena ikaamka. Alilitafsiri swali, nyusi zimekunjwa, likapanda ukutani likiwa kubwa hadi darini, na watoto wote nyuma wakaliona.

Kabula hakulijibu. Alimwonyesha mwalimu wake kwa kidole. "Mimi nimeshasema," alisema. "Nimesema ofisini, nimesema hapa. Wewe ndiye hujasema. Wewe unataka nini?"

Ukumbi ulisubiri tafsiri. Zawena alimtazama mtoto, akautazama ule ukuta wa bluu, akakivuta kipaza sauti, na alipozungumza alizungumza kwa mdomo na kwa mikono kwa pamoja, ili asiwepo mtu wa kuambiwa baadaye.

"Hii siyo tafsiri," alisema. "Ni mimi."

Sauti yake ilikuwa ndogo vile vile, lakini hakuna aliyemwomba airudie.

"Wanangu wanaongea kwa macho. Mmewaweka kwenye stoo isiyo na dirisha. Kila siku kuanzia saa nne wanakaa hawawezi hata kuambiana kwamba wana kiu, na ninyi humu mmeziba madirisha ili muangalie filamu inayowahusu. Hatuhitaji kituo. Hatuhitaji wimbo. Huyu ana mtihani. Tunataka chumba chetu, na tunakitaka leo, jua likiwa bado lipo. Bwana Tindwa, ondoa hayo mapazia. Na ninyi wengine, Mheshimiwa na wageni wetu wote," alisema Mwalimu Zawena, "naomba mtoke."